Laptopu Isizime Kabla Hujafunga Hesabu

Wateja wetu wengi wa Kitui na Makueni hawafanyi biashara kwa simu peke yake siku hizi. Mwenye duka la jumla Mwingi, mweka hazina wa chama pale Wote, mnunuzi wa ndengu anayezunguka Mutomo na Ikutha: wengi wana laptopu kuukuu wanayopakulia taarifa ya miamala ili wailinganishe na daftari. Na malalamiko ni yale yale: "Betri haishiki. Nikichomoa tu, imezima."

Hilo linatuhusu kwa sababu ya pesa zako. Laptopu isiyoshika chaji inakulazimu kuiacha kwa kinyozi au kwa duka lenye sola, wakati mwingine ikiwa imewaka, barua pepe yako iko wazi na nywila zimehifadhiwa ndani. Kadiri betri inavyodumu, ndivyo safari hizo zinavyopungua.

Watu husema betri huuawa na kuchajiwa kupita kiasi. Kwa ukanda huu, sisi tungeanza na joto. Laptopu za leo hutumia betri za lithiamu. Betri hiyo ikiwekwa mwaka mzima na chaji ya asilimia 40 mahali penye nyuzijoto 25, hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwekwa imejaa pomoni mahali penye nyuzijoto 40, hubaki na takriban asilimia 65 tu. Sasa fikiria duka la mabati Kibwezi mwezi wa Februari. Laptopu iko kaunta tangu asubuhi, imechomekwa, imejaa, na jua la saa nane linaipiga. Hakuna aliyeigusa, lakini inazeeka.

Kwa hivyo isogeze kivulini. Usiitumie juu ya kitanda au blanketi, maana matundu ya hewa huzibika. Ubao mdogo chini yake unatosha. Vumbi nalo huziba feni, basi mpe fundi aisafishe mara moja moja. Na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani Makindu eti unaingia hotelini dakika tano. Dakika tano za hoteli tunazijua.

Kuhusu chaji, ikiwezekana iache icheze kati ya asilimia 20 na 80. Kama hukaa imechomekwa siku nzima, Lenovo, Dell na HP nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kabla haijajaa. Lakini usiwe mtumwa wa asilimia. Ukisikia stima itakatwa kesho, ijaze yote. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, aliyekuwa na asilimia 100 hakujuta.

Stima ikiwa imepotea, punguza mwanga wa skrini kwanza, kwa sababu skrini hula sana. Pakua taarifa ya miamala mara moja, zima intaneti, kisha fanya hesabu zako bila mtandao. Na usichaji simu kutoka kwenye laptopu bila kujua unachofanya: chaji hiyo inatoka kwa betri ile ile unayoibania. Kama lazima uchague, okoa simu yenye laini ya pesa. Wengine huweka laini hiyo kwenye kabambe, na sisi tunaona ni akili nzuri, kwa sababu kabambe hukaa na chaji siku kadhaa.

Je, sola ya nyumbani? Tangu M-KOPA ianze kuuza sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu mwaka 2012, nyumba nyingi zimepata taa na chaji ya simu. Lakini paneli ya wati 8 au 20 haiwezi kazi ya laptopu, ambayo chaja yake kwa kawaida ni ya wati 45 hadi 65. Usilazimishe.

Ukilazimika kuiacha mahali ichajiwe, izime kabisa, usiifunike tu. Iwe na nywila, na kwanza utoke kwenye barua pepe na akaunti zako zote. Kwa simu, toa laini uende nayo. PIN isiandikwe nyuma ya kava. Tunacheka, lakini hutokea.

Kujua hali ya betri ni rahisi kwenye Windows. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotajwa hapo. Linganisha uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa umeshuka chini ya nusu, anza kuweka akiba ya betri mpya. Na betri ikivimba hadi kibodi kuinuka, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe wala kuibonyeza, inaweza kushika moto.

Wakati wa kununua, mwambie fundi aiweke na uitumie angalau nusu saa bila chaja kabla ya kulipa. Lipa kwa nambari ya duka, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na usifute ujumbe wa malipo. Ukirudi wiki ijayo na betri imekufa, huo ndio ushahidi wako wa siku na kiasi ulicholipa.