Treni za Chini ya Ardhi za Mji wa London

Mtu akipotea porini huangalia jua, au hutafuta mlima anaoufahamu. Chini ya ardhi hakuna jua wala mlima. Lakini watu wa London, mji mkuu wa Uingereza, kila siku husafiri chini ya ardhi kwa treni, nao wanafika wanakokwenda. Wanafikaje? Kwa kusoma vibao na ramani.

Reli hiyo ilifunguliwa kwa abiria tarehe 10 Januari 1863. Ndiyo ya kwanza duniani. Wakati huo barabara za London zilijaa magari ya farasi hata kupita ni taabu, ndipo wakaamua kuchimba. Treni za kwanza zilivutwa kwa mvuke, na moshi ulibaki humo humo. Fikiria kupika kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha! Mwaka 1890 ilifunguliwa njia ya treni za umeme, iliyopita chini zaidi.

Siku hizi kuna njia 11 na vituo 272. Usiogope hesabu hiyo. Kila njia ina jina lake, na kwenye ramani ina rangi yake. Njia ya Central ni nyekundu, ya Northern ni nyeusi, ya Piccadilly ni buluu iliyokoza, ya Jubilee ni ya kijivu. Ukitaka kwenda mahali ambapo njia yako haifiki, unabadilisha treni penye makutano. Makutano ni kama njia panda, ila hizi njia hupitana moja juu ya nyingine humo ardhini. Unashuka, unafuata vibao, unapanda ngazi zinazotembea zenyewe kwa umeme. Simama upande wa kulia wa ngazi. Kushoto ni kwa wenye haraka, na kweli wana haraka.

Haya, chukua penseli na karatasi. Chora mstari mrefu kutoka kushoto kwenda kulia. Huo ni njia ya Piccadilly. Kushoto andika HEATHROW, katikati GREEN PARK, mwisho kulia COCKFOSTERS. Sasa chora mstari wa pili ukate ule wa kwanza pale Green Park. Huo ni Jubilee. Mwisho wake mmoja andika STANMORE, mwisho wa pili STRATFORD.

Tuseme ndugu yako ametua uwanja wa ndege wa Heathrow, ambako wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hutua. Mwenyeji wake anakaa Stratford. Atapanda treni ya Piccadilly, atashuka Green Park, atafuata vibao vya Jubilee. Hapo sasa awe macho! Kuna treni mbili za Jubilee, moja inakwenda huku na nyingine kule. Mbele ya treni huandikwa jina la kituo cha mwisho, siyo vituo vyote. Kwa hiyo anayeshuka katikati ya njia asitafute jina la kituo chake mbele ya treni, hataliona. Lazima kwanza ajue mwisho wa njia ni wapi. Ndugu yetu akiona STANMORE, aiache ipite. Angoje STRATFORD.

Na akikosea? Asitoke nje. Ashuke kituo kinachofuata, aende upande wa pili, apande treni ya kurudi. Kuuliza si aibu, lakini saa za kwenda kazini watu hupita mbio, na kibao hakina haraka.

Ramani yenyewe ilichorwa mwaka 1931 na Harry Beck, aliyekuwa mchoraji wa michoro ya ufundi. Aliona kwamba abiria aliye chini hahitaji kujua mto unapinda wapi. Anataka kujua kituo kipi kinafuata na abadilishe wapi. Basi akanyoosha njia zote. Wakubwa kwanza waliikataa ramani yake. Ilipochapishwa mwaka 1933 abiria waliipenda mara moja.

Ila ramani hiyo haipimi umbali. Vituo vya Leicester Square na Covent Garden vinaonekana mbali kama vingine, kumbe kati yake ni mita 260 tu. Wageni hulipa nauli, wanashuka ngazi, wanangoja treni. Mwenyeji anakwenda kwa miguu.