Oman: Presha ya maji kwa wasafiri wanaolala garini

Msafiri anayetoka Nizwa kupitia Ibra hadi Sur kwa gari lenye jiko na vitanda hukutana na presha ya maji ya namna mbili. Nyumba nyingi za Oman zina tangi juu ya paa. Kila mita 10 za kimo huzaa takriban bar 1, hivyo tangi lililo mita 4 juu ya bomba hutoa bar 0.4 tu. Hapo regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza presha, haihitajiki.

Hali ni tofauti bomba linaposukumwa na pampu. Kwa kawaida hushauriwa presha iingiayo garini isizidi bar 4 hivi. Regyuleta ya kiwango kimoja ni nafuu, lakini aghalabu hupunguza mno mtiririko. Yenye skrubu na saa ya kupimia humwezesha mwenyewe kuchagua kiwango. Iwe ya shaba isiyo na risasi, nayo ifungwe bombani, kabla ya mpira, ili mpira uliolainishwa na jua nao ukingwe.

Kiungo kilicholegezwa na presha mjini chaweza kufumuka baadaye katikati ya mchanga wa Sharqiyah, na maji yatakayomwagika ni yale ya kunywa.