Sura ya Tano: Uzushi Unapowahi Kufika

Julai 29, 2024, katika mji wa Southport, Uingereza, kijana wa miaka 17 alivamia kwa kisu watoto waliokuwa kwenye mafunzo ya dansi. Wasichana watatu waliuawa. Kwa kuwa sheria za huko hulinda majina ya watuhumiwa wadogo, polisi hawakumtaja. Ndani ya saa chache, mitandao ya kijamii ilikuwa imembandika jina la kubuni lenye asili ya Kiarabu, ikidai ni mwomba hifadhi aliyeingia kwa boti mwaka uliotangulia.

Polisi walikanusha: jina si lake, naye alizaliwa Cardiff, Wales. Hata hivyo, jioni ya Julai 30 msikiti wa Southport ulishambuliwa. Agosti 4, umati ulijaribu kuchoma moto hoteli iliyohifadhi waomba hifadhi karibu na Rotherham, watu wakiwamo ndani.

Kwa nini kanusho halikufua dafu? Mitandao hupandisha juu kile kinachowafanya watu wabishane na kusambaza. Hasira huzaa maoni mengi. Hata anayepinga uzushi huuongezea watazamaji. Methali husema lisemwalo lipo. Mtandaoni, lisilokuwapo husemwa mpaka likaaminiwa.

Mitandao haiumbi chuki pale isipokuwapo. Huikusanya, huikuza na kuipangia mahali na saa. Wachumi Karsten Müller na Carlo Schwarz walichunguza Ujerumani baada ya wimbi la wakimbizi la 2015. Maneno makali dhidi ya wakimbizi yalipozidi kwenye Facebook, mashambulizi yaliongezeka zaidi katika maeneo yenye watumiaji wengi wa mtandao huo. Intaneti au Facebook ilipokatika, uhusiano huo ulififia.

Basi tukisahihisha tu mahali alipozaliwa muuaji, tumefanya nusu ya kazi. Kusema “alizaliwa Cardiff” ni kweli, na lazima kusemwe mapema. Lakini tukiishia hapo, tunakubali kimyakimya kwamba angekuwa kweli ameshuka kwenye boti, waliojificha katika vyumba vya hoteli ile wangestahili moto. Hawakustahili. Uongo wa kwanza ulihusu mtu mmoja; wa pili, ulio hatari zaidi, ni kwamba kosa la mmoja ni deni la wote wanaofanana naye. Huo wa pili haukanushwi na taarifa ya polisi. Unakanushwa na sisi, kila tunapokataa kuusambaza.