Kinga Iliyomo Katika Mimea

Kila mama wa nyumbani ajua kwamba mafuta yakiachwa wazi siku nyingi hubadilika harufu na ladha. Kinachoyaharibu ni oksijeni, iliyomo katika hewa hii hii tuivutayo. Pengine wasomaji wetu watastaajabu tukisema kwamba jambo kama hilo hutokea ndani ya miili yetu pia.

Mwili umejengwa kwa seli, nazo ni ndogo hata hazionekani kwa macho matupu. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa tabaka mbili za mafuta. Oksijeni inapotumika mwilini kutupa nguvu, huzaliwa humo vitu vikali viitwavyo radikali huru; moshi wa sigara nao huviongeza. Kimoja kikinyang'anya atomi ya haidrojeni katika mafuta ya utando, mafuta yaliyonyang'anywa hugeuka yenyewe kuwa mnyang'anyi, yakayashika yaliyo jirani, mfano wa moto urukao kutoka paa moja la makuti hadi la pili. Usipozuiwa, utando huharibika na seli huvuja.

Hapa ndipo mimea inapotufaa. Vitamini E, iliyogunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop huko California, huyeyuka katika mafuta, na kwa hiyo hukaa ndani ya utando wenyewe. Huitoa haidrojeni yake, na mnyororo ule hukatika. Kisha vitamini C, ikaayo katika maji nje ya utando, huirudishia uwezo wake. Ya kwanza twaipata katika karanga na mawese. Ya pili katika mapera, machungwa na mboga za majani. Lakini mboga ikichemshwa mno, na maji yake yakamwagwa, vitamini C nyingi imekwenda na maji!

Wako wasemao: kwa nini tusimeze vidonge, yakaisha? Huko Ufini wanaume 29,133 wavutao sigara walifanyiwa majaribio. Baadhi walipewa beta-karotini, rangi iliyomo katika karoti, kwa tumaini la kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliopewa beta-karotini walikuwa wamepatwa na saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Vidonge vya vitamini E navyo havikuwakinga nayo. Beta-karotini waliyomeza ilikuwa miligramu 20 kila siku, kipimo kikubwa kuliko akipatacho mtu kwa kawaida katika chakula chake.