Ukoo wa Mama Haumo Daftarini

Mnorwe anayetafuta mababu zake huanza na shamba. Kabla ya sheria ya majina ya 1923 kuitaka kila familia iwe na jina moja, mkulima wa Norwe alijulikana kwa jina lake, la baba yake, na la shamba alilokaa. Akihama shamba, na jina linahama. Kitukuu wa yule aliyevuka bahari kwenda Marekani karne ya 19 huanza kuuliza shamba lile liko bonde gani, na aghalabu jibu hulipata, kwa sababu makaratasi yapo. Daftari la kanisa lililo kongwe kuliko yote, la Andebu, lilianza 1623. Sensa ya 1801 iliandika kila mtu kwa jina lake, na sensa ikitimiza miaka 100 hufunguliwa kwa wote. Ya 1910 ilifunguliwa 2010, ya 1920 ikafunguliwa 2020. Tena tangu mwanzoni mwa karne ya 19 mchungaji aliandika daftari lake, msaidizi wake wa kanisa akaandika la pili, na ilikatazwa madaftari hayo mawili kulala chini ya paa moja. Nyumba moja ikiungua, majina yamesalimika.

Nikifikiria katazo hilo huwa naikumbuka Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulipofurika ukabomoa nyumba na kung'oa reli. Cheti cha ubatizo kilichokuwa kwenye sanduku chini ya kitanda hakikuwa na nakala nyumba ya pili.

Lakini mtu wa Magomeni ya Kilosa hakuwahi kuwategemea karani na wino kumwambia yeye ni nani. Kijana akija kuposa, au mgeni akitaja kwamba bibi yake alitokea upande wa Rudewa, wazee hawamwulizi mwaka wa kuzaliwa. Humwuliza, "Mama yako mtu wa nani?" Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na jirani zao Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa kwao mama yake. Ardhi na urithi vilipita huko, na mwenye kauli juu ya hivyo alikuwa mjomba. Baba hakutupwa. Kwa Waluguru, mtu ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, ila ana pia mtala, jina analolipata kutoka ukoo wa baba. Mtafiti anayelisikia jina la mtala akadhani ndio ukoo wenyewe amepotea kabla hajafika mbali. Na Kingalu wa Kinole, mkuu wa ukoo wa Wabena huko Uluguru (si Wabena wa Njombe), ambaye sifa yake ni mvua, si mtu mmoja. Anayeshika kiti hushika na jina, mpwa nyuma ya mjomba. Norwe mtu alihama na jina likabadilika. Kinole watu hupita, jina likabaki palepale. Ukikuta "Kingalu" katika barua mbili zilizoachana miaka 60, usifikiri ni mzee aliyeishi sana.

Sasa makaratasi yetu. Yapo, na ni mengi kuliko tunavyodhani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868 wakapanda bara hadi Morogoro na Usagara. Waanglikana wa CMS walijenga Mpwapwa na Mamboya miaka ya 1870 ikielekea ukingoni, na mmoja wao, Joseph Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Daftari la ubatizo la parokia ya Kikatoliki ni hazina yenye adabu yake: ukipata kipaimara au ukifunga ndoa parokia nyingine, habari hurudishwa kuandikwa kando ya jina lako pale ulipobatizwa. Kwa hiyo anayemtafuta bibi yake asianzie alipozikwa, aanzie alipobatizwa. Sheria ya kanisa ya 1917 ilitaka pia nakala ipelekwe kwa askofu kila mwisho wa mwaka. Barua na taarifa za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kuna Kitabu cha Wilaya cha Kilosa, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika waliyosimuliwa kuhusu koo na majumbe.

Tatizo ni kile kilichoandikwa. Padri alimwandika mtoto wa fulani, na fulani huyo wa mbele ni baba. Shehe aliyefungisha ndoa aliandika "bin" na "binti", ambayo nayo humfuata baba. Mkoloni akaandika wanaume wa kulipa kodi. Leo fomu inataka majina matatu: lako, la baba, la babu. Jina la mama lina nafasi yake kwenye cheti cha kuzaliwa, sawa, lakini ukoo wake hauna. Kwa hiyo vizazi vitatu vya watu waliohesabiana kwa mama vimeandikwa vyote kwa baba, na hakuna aliyekusudia ubaya. Zaidi ya hapo, aliyeitwa jina la kwao asubuhi alitoka kisimani mwa ubatizo akiitwa Yohana, na lile la kwao likabaki midomoni mwa shangazi zake tu.

Kilosa ina fumbo jingine, la mkonge. Mashamba ya Kimamba na Rudewa yalivuta watu kutoka Ubena, Ungoni, Unyamwezi, Urundi na Msumbiji. Hao ndio manamba, watu waliofanya kazi kwa kipande cha siku 30 na kutambuliwa kwa namba. Wengi hawakurudi. Wajukuu wao ni watu wa Kilosa kabisa, huzungumza Kiswahili cha reli, wakiulizwa kwao hutaja mkoa tu. Sensa haiwasaidii. Zile za 1948 na 1957 tunazisoma kama hesabu, si kama orodha ya majina. Ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Na taarifa za mtu mmoja mmoja sheria yetu inazifanya siri, hakuna mlango wa miaka 100.

Ndiyo maana naona daftari kubwa la huku ni tambiko na matanga. Kwenye tambiko makaburi hufyekwa, pombe na unga huandaliwa, na mzee huwaita waliolala kwa majina, mmoja baada ya mwingine, akianza na aliyetangulia. Akiruka jina, kuna bibi pembeni atakayemkumbusha. Msibani watani hufanya kazi nyingine: huchukua jeneza, hudai fedha, humtukana marehemu mbele ya wanawe kwa yale aliyoyafanya kweli, na katikati ya vicheko unasikia alioa wapi na alikimbia deni la nani. Hakuna karani aliyeandika hayo.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwasogeza watu barabarani na kuyaacha makaburi kwenye mahame. Wanaojua mwembe upi umekaa juu ya kaburi la nani ni wachache, na vijana wengi wa Magomeni wapo Dar es Salaam. Mzee akifariki bila mpwa wa kuongozana naye shambani, mwembe unabaki mwembe.

Basi, ndugu msomaji mwenye asili ya Kilosa, likizo ijayo usiulize jina la babu wa babu. Nusu ya njia ya kulifikia tayari imo kwenye kitambulisho chako. Mkalishe mjomba wako, au bibi mzaa mama, umwulize mama yake aliitwa nani kabla ya kubatizwa au kusilimu, wa ukoo gani, amelala wapi. Andika mara mbili. Moja iweke kwako, nyingine mpe dada yako akaiweke kwake.