Vumbi la Mlali Ndani ya Habu

Wakati wa kiangazi, fungua pikipiki iliyoshinda kwenye barabara ya vumbi kati ya Kongwa na Mlali, na abiria wawili nyuma. Habu ya gurudumu la nyuma imejaa unga mwekundu, na juu ya shuu za breki kuna michirizi myembamba, kana kwamba mtu amepitisha kucha kwenye sabuni.

Chuma cha shuu ni mgongo tu. Kinachogusa habu ni nyuzi, kwa mfano za kioo au za chuma, zilizoshikwa na resini iliyookwa mpaka ikawa ngumu, na ndani yake punje. Grafaiti hulainisha, alumina huipa breki meno, barite hujaza nafasi. Breki ikishazoea, resini hulika kwanza, nyuzi zikabaki zimechomoza kama visiki shambani. Unga unaosagika hukwama kwenye visiki hivyo, ukashindiliwa hadi ukawa utando mgumu. Utando huo ndio unaobeba mzigo, na ukidumu, shuu huliwa polepole.

Adui wa utando ni kwatsi, madini magumu kuliko chuma cha jembe, na udongo wa huku unayo tele. Waingereza wa mradi wa karanga waliofyeka Kongwa kuanzia 1947 walikiona cha moto: ardhi ilikauka ikawa kama saruji, na majembe ya matrekta yakasagika upesi. Mradi ulifutwa 1951.

Punje ya alumina ni ngumu kuliko hata kwatsi, lakini resini imeishika, kwa hiyo inasaidia. Kwatsi ya barabarani haina kinachoishika. Inaviringika kati ya shuu na habu, inachimba huku na huku, inang'oa utando. Shuu mbovu hufanya kosa lilelile kwa ndani: resini ikiokwa vibaya, punje zake zenyewe huchomoka na kugeuka tupa. Rahisi dukani, ghali mlimani.

Fundi, tafadhali usipulize unga ule kwa mdomo wala kwa pampu. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kuitambua. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Kisha pitisha kidole ndani ya habu: ukigusa mifereji, habu ichongwe au ibadilishwe kabla ya kufunga shuu mpya.