Mbwa wa Boma: Chakula Chake na Afya ya Nyumba Yako

Muislamu wa Mbulumbulu anayefuga mbwa hafanyi hivyo kwa anasa. Mashamba ya mahindi, ngano na maharage yako jirani na msitu wa Ngorongoro, na wanyama wakishuka usiku mbwa ndiye wa kwanza kubweka. Sheria imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa windo. Lakini ukishampa kazi, kumlisha ni juu yako. Mtume (S.A.W.) alitueleza habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Wengi huona ugali wa makombo unatosha. Hautoshi, hasa kwa mtoto wa mbwa. Huyu hunyonya tu hadi wiki ya 3 au ya 4, kisha huanzishiwa uji laini, na kufikia wiki ya 8 anaweza kuachishwa ziwa. Tumbo lake ni dogo naye anakua haraka. Apewe kidogo kidogo mara 4 kwa siku hadi miezi 3 hivi, kisha mara 3 hadi nusu mwaka. Ugali wake uchanganywe na dagaa waliopondwa au yai lililopikwa.

Mbwa mzima hutosheka na milo 2 na maji safi. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Aongezewe chakula wiki 3 za mwisho, na anaponyonyesha anaweza kuhitaji maradufu au zaidi. Mbwa mzee apewe kilicho laini, apunguziwe akianza kunenepa. Mifupa iliyopikwa hupasuka ikamchoma tumboni, na vitunguu huharibu damu yake. Asipewe katika umri wowote.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Siku ya kuchinja, hata Sikukuu ya Idd, maini na mapafu yenye mifuko ya maji hutupiwa mbwa mabichi. Ndani ya mifuko hiyo mna vijidudu vya tegu. Kwa mbwa huwa minyoo midogo sana, naye haonekani mgonjwa, ila mayai yake hutoka na kinyesi hadi kwenye mboga, maji na vidole vya watoto. Mtu akiyameza, mfuko kama ule huota katika ini au pafu lake, ukakua miaka mingi kimya, na mara nyingi tiba yake ni kisu cha hospitali. Watafiti wamekuta mifuko hiyo katika mifugo ya Ngorongoro. Kwa Waturkana wa Kenya maradhi haya yalienea hata AMREF ikaanzisha mpango wa kuyadhibiti mwaka 1983.

Basi viungo vyenye mifuko vichomwe, au vifukiwe kina ambacho mbwa hafukui. Vilivyo salama vichemshwe walau nusu saa kabla ya kumpa. Mwone bwana mifugo kwa dawa ya tegu na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Chombo chake kiwe chake peke yake, nje ya jiko. Akiramba cha nyumbani, kioshwe mara 7, moja kwa udongo. Watoto wanawe kwa sabuni kila wanapotoka kumchezea.